Simu ni Yako, Laini ni ya Nani?

Kioo kilichopasuka hubadilishwa. Sistimu chaji iliyokufa hung'olewa ikawekwa nyingine, na spika iliyoziba husafishwa mteja akiwa amekaa kwenye benchi. Kazi hizo mafundi simu wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro wanazimudu, na bei zake zinazungumzika. Lakini kuna simu zinazofika mezani kwao zikiwa hazina ufa hata mmoja. Zinawaka, zinapiga, chaji inakaa. Tatizo ni kwamba hela iliyomo kwenye laini haitoki, au WhatsApp inataka namba za uthibitisho zinazotumwa kwenye laini iliyopotea, au skrini inadai akaunti ya Google ya mtu ambaye mwenye simu hamjui. Hapo bisibisi haina kazi.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipojitenga mwaka 2012, zina mazingira yanayoitesa simu kwa namna zake. Barabara ya Omugakorongo, Kigarama hadi Murongo ina kilomita 111, na vumbi jekundu la kiangazi linajipenyeza kwenye tundu la chaji hadi waya unakataa kushika. Wengi hudhani chaja imekufa, wananunua nyingine, nayo inakataa vilevile. Dawa ni kuzima simu na kulichokonoa tundu taratibu kwa kijiti kikavu cha kuchokolea meno. Sindano na pini hazifai, kwa sababu chuma hukwaruza miguso ya shaba na kinaweza kuunganisha umeme mahali pasipotakiwa. Mvua za masika nazo zina wagonjwa wao. Imani ya kuizika simu iliyolowa kwenye mchele imeenea mno, ila mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaambia wateja wake waiache, kwa kuwa chembe za mchele zinaweza kuingia ndani na kuharibu zaidi. Simu iliyolowa izimwe, isichajiwe, iwekwe penye upepo, kisha ipelekwe kwa fundi aifungue kabla kutu haijaanza kula bodi.

Betri iliyovimba hadi kufumua mfuniko wa nyuma ni hatari ya moto. Isitobolewe, isikandamizwe irudi, na simu isichajiwe tena mpaka ibadilishwe. Nyumba ambazo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo zingefanya vizuri kuchomoa chaja wakati wa giza, badala ya kuiacha ukutani ikisubiri.

Liko jambo lingine ambalo fundi wa Dodoma hakutani nalo kabisa. Mto Kagera unaitenganisha Kyerwa na Rwanda upande wa magharibi, na Uganda upande wa kaskazini. Kutoka Murongo, Kikagati ya Uganda inaonekana kwa macho. Mawimbi ya minara hayajui mpaka, hivyo simu iliyo karibu na mto inaweza kuacha mnara wa Tanzania ulio mbali ikashika wa jirani ulio karibu. Bando linakuwa halifanyi kazi, menyu ya hela haifunguki, na salio linaweza kuliwa kwa bei ya kupiga ukiwa nje ya nchi. Ufumbuzi uko kwenye mipangilio ya mtandao wa simu: zima matumizi ya data ukiwa nje ya nchi, ondoa uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki, kisha chagua kampuni yako kwa mkono. Ukishaondoka mpakani, rudisha uchaguzi wa kiotomatiki, la sivyo simu itabaki inautafuta mtandao mmoja tu hata pale ambapo haupo.

Saa ndiyo kitendawili kikubwa zaidi. Uganda na Tanzania zinatumia saa zilezile, lakini Rwanda iko nyuma kwa saa moja. Simu iliyoshika mnara wa Rwanda hupokea saa za huko na kujirekebisha yenyewe, na mwanafunzi aliyetega kengele ya saa kumi na moja alfajiri anaamka saa kumi na mbili. Akigundua, anaisogeza saa mbele kwa mkono. Sasa skrini inaonyesha saa ya Tanzania, lakini ndani simu bado inaamini iko eneo la saa za Kigali, kwa hiyo hesabu yake ya saa ya dunia imepotoka kwa saa nzima. Programu zinazotoa namba za usalama zinazobadilika kila sekunde 30 zitatoa namba zinazokataliwa. Kinachotakiwa ni kuacha saa ijiweke yenyewe kutoka mtandaoni, kuzima uchaguzi wa kiotomatiki wa eneo la saa peke yake, na kuchagua Tanzania kwenye orodha. Tarehe nayo itazamwe: simu ambayo betri yake ilitolewa au ilikufa kwa muda mrefu inaweza kuamka ikiwa miaka kadhaa nyuma, na tovuti zote zikaonekana kama za kitapeli kwa sababu vyeti vyake vya usalama, kwa kalenda ya simu hiyo, bado havijaanza kazi.

Hayo yote yana ufumbuzi wa dakika chache. Yanayouma ni mengine.

Tarehe 1 Mei 2019 Tanzania ilianza kusajili laini upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, ile ya tarakimu 20 inayotolewa na NIDA. Mwisho ulipangwa 31 Desemba mwaka huo, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kwa mtu wa mkoa wa katikati ya nchi, kikwazo kikubwa kilikuwa foleni. Kwa mtu wa mpakani kikwazo kilikuwa kingine. Karagwe na Kyerwa zina watu ambao ndugu zao wako pande mbili za mto, lugha zinazofanana na za ng'ambo, ndoa zilizovuka mpaka vizazi na vizazi, kwa hiyo uhakiki wa uraia huku huwa mkali na wapo Watanzania waliosubiri namba kwa muda mrefu. Siku ya mwisho ilipowakaribia wakiwa mikono mitupu, walifanya kilichowezekana. Mke alisajiliwa kwa jina la shemeji. Mzee alisajiliwa na mjukuu. Kijana alitumia namba ya bosi wake au ya jirani mwenye moyo mwema.

Uamuzi huo uliokoa mawasiliano ya siku ile, na hakuna wa kuwalaumu waliobanwa na muda. Lakini laini ya mwaka 2020 haikubaki kuwa laini ya kupigia tu. M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, na huduma zilizoifuata zimeigeuza laini kuwa pochi. Benki inatuma taarifa za akaunti humohumo, na hela ya kahawa ikiingia, ujumbe unafikia laini ileile. WhatsApp imefungwa kwenye namba hiyo, na Google ikitaka kumthibitisha mtu inatuma namba zake hapohapo. Kisha simu inaibwa mnadani au inaangukia chooni. Duka la kampuni ya simu linaweza kuirudisha namba kwenye laini mpya kwa muda mfupi sana, kwa sharti moja: kidole cha mwenye laini. Na mwenye laini, kwa mujibu wa kumbukumbu, ni shemeji aliyehamia Geita miaka mitatu iliyopita na ambaye ndugu hawaelewani naye.

Kila mtu mwenye laini, hata kitochi kisicho na intaneti, apige *106#. Menyu hiyo, ambayo ni ileile kwa mitandao yote, inaonyesha jina ambalo laini imesajiliwa kwalo na namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho hicho. Wapo watakaokuta jina wasilolitarajia. Wapo pia watakaokuta kinyume chake, yaani namba wasizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Hilo hutokea pale wakala wa mtaani, anayesajili chini ya mwamvuli, anapomwambia mteja bonyeza tena kidole hakijasoma, na kila mbonyezo unazaa laini nyingine inayouzwa kwa mtu mwingine. Namba ya namna hiyo ikitumika kutapeli, polisi wataanza na aliye kwenye kumbukumbu. Dawa ni kwenda duka la kampuni husika na kitambulisho, kuikana, na kuhakikisha imefungwa.

Aliyegundua laini yake ni ya mwingine, na sasa ana namba yake ya NIDA, anaweza kuomba kubadilishiwa umiliki. Kazi inakwisha haraka ikiwa wote wawili wapo dukani, vidole vyote viwili tayari. Ugumu hauko kwenye mashine. Uko kwenye kumpata mtu, kumwelewesha, na kumlipia nauli akiwa mbali. Nauli hiyo inastahili kutolewa mapema, laini ikiwa bado ipo mkononi, kwa sababu siku itakapopotea shemeji ndiye atakayekuwa na la kusema na mwenye simu hatakuwa na lolote.

Umiliki unasumbua hata kwenye simu za mtumba. Tangu toleo la 5.1 la Android, la mwaka 2015, simu iliyorudishwa upya bila kuondolewa akaunti ya Google kwanza hujifunga, ikidai akaunti ile ya zamani. Google walikusudia kuwakatisha tamaa wezi. Mnunuzi wa simu iliyopitia mikono minne kabla ya kufika Kayanga naye amenaswa humo. Mafundi wengi wanajua njia za kuikwepa, na baadhi huiflashi simu nzima. Wakati mwingine inasimama vizuri, wakati mwingine inapoteza mtandao au inakwama kwenye nembo ya kampuni daima. Zaidi ya hapo, simu iliyofungwa huenda ina mwenyewe anayeitafuta. Kabla ya kulipa, muuzaji aingie kwenye mipangilio mbele ya mnunuzi, aondoe akaunti yake, airudishe simu upya, na iwashwe hadi mwisho bila kuuliza akaunti ya mtu. Kisha ipigwe *#06# ili namba ya IMEI ionekane, ilinganishwe na iliyoandikwa kwenye boksi, na itumwe kwa ujumbe kwenda 15090 kuona kama kilichosajiliwa ndicho kinachouzwa. Nchi hii haijasahau usiku wa 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia kwa mkupuo mmoja.

Kutoka kwa fundi simu hadi steshenari ni hatua chache, na huko ndiko akaunti nyingi za vijana wa wilaya hizi zinakozaliwa. Kijana amemaliza kidato cha sita, anataka kuomba mkopo Bodi ya Mikopo, au amemaliza chuo na anajisajili kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Mfumo unataka barua pepe, naye hana. Mwenye steshenari ana wateja kumi nyuma yake. Anamfungulia akaunti kwa dakika mbili, na Google inapoomba namba ya simu anaweka yake, kwa kuwa kijana simu yake imezimika chaji. Neno la siri ni jina la kijana na 123, limeandikwa kwenye daftari la dukani. Fomu inajazwa, karatasi inachapwa, hela inalipwa, kila mmoja anashukuru.

Miezi baadaye kijana anaambiwa majina ya usaili yametoka na kila mwombaji aingie kwenye akaunti yake. Anaingia kwa simu mpya. Google inashuku kifaa isichokijua na kutuma uthibitisho kwenye namba ya mwenye steshenari, ambaye siku hiyo yuko Bukoba, au amefunga duka, au laini ile hana tena.

Mwenye steshenari hakukusudia ubaya, na wengi wao wanafanya kazi ambayo ofisi za umma zilipaswa kuifanya: wamekuwa makarani wa serikali mtandao bila mshahara wa serikali. Kosa ni la dakika mbili zile. Akaunti ifunguliwe kwenye simu ya mwenyewe kama anayo, au ya mzazi anayeishi naye, na namba ya urejeshaji iwe ya laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Iongezwe barua pepe ya pili ya mtu wa nyumbani. Na kwenye sehemu ya usalama, uthibitishaji wa hatua mbili ukishawashwa, Google hutoa namba kumi za akiba ambazo kila moja inatumika mara moja. Zichapwe kwenye karatasi hapohapo steshenari na zihifadhiwe pamoja na vyeti vya shule. Karatasi hiyo inamwokoa mtu hata simu na laini vikipotea siku moja.

Aliyekwisha kufungiwa nje aende kwenye ukurasa wa Google wa kurejesha akaunti akiwa kwenye simu au kompyuta aliyowahi kuitumia kuingia, na ikiwezekana mahali palepale alipozoea kuitumia. Kwa hiyo kompyuta ya steshenari ilipofunguliwa akaunti ndiyo yenye nafasi nzuri kuliko simu mpya. Asisubiri mno: tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ambayo haijatumika kwa miaka miwili.

Kuna mtego mwingine usioonekana. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15 zinazotumiwa kwa pamoja na barua pepe, picha na faili. Tangu mwaka 2024, nakala rudufu ya WhatsApp kwenye simu za Android nayo inahesabiwa humo. Kijana aliye kwenye makundi ya ukoo, ya harusi, ya misiba na ya mpira anajaza GB hizo kwa video ambazo hata hakuzifungua. Zikijaa, barua pepe mpya haziingii. Barua ya kuitwa kazini inarudishwa ilikotoka, na aliyeituma anahesabu mwombaji hapatikani. Kuingia WhatsApp kwenye sehemu ya kudhibiti hifadhi, kufuta video kubwa, na kuzima nakala rudufu ya video kunarejesha nafasi hiyo nakala inayofuata ikishakamilika.

Steshenari hizohizo ndizo zinazochapa nyaraka kwa WhatsApp iliyofunguliwa kwenye kompyuta. Mteja akishaondoka bila kuifunga, mazungumzo yake yote yanabaki wazi kwa atakayekalia kiti kile. Mteja aingie kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kuondoa kila asichokijua. Flashi nayo ikirudi na faili zote zimegeuka njia za mkato, asiifute kwa hasira: mara nyingi kirusi kimezificha faili tu. Kwenye Windows, amri ya attrib -h -r -s /s /d F:\*.*, ikiwa F ndiyo herufi ya flashi, huzirudisha zionekane. Njia za mkato zifutwe bila kubonyezwa, na kompyuta yenyewe isafishwe. Shule na ofisi zenye kompyuta za Windows 10 zijue kwamba Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo dirisha la virusi linazidi kupanuka.

WhatsApp inapoibwa, mbinu ni ileile miaka yote. Ujumbe unatoka kwa mtu unayemjua: nimekutumia namba sita kimakosa, naomba unirudishie. Namba hizo ni ufunguo wa akaunti yako. Aliyekwisha kuzitoa asajili upya WhatsApp kwa namba yake papo hapo. Akiweka namba sita mpya, mwizi anatolewa nje. Kama mwizi amewahi kuweka namba ya siri ya hatua mbili, mwenyewe atasubiri siku 7 ndipo aingie bila hiyo namba, lakini katika siku hizo mwizi naye hana tena uwezo wa kuandika kwa jina lake. Hapa tena kila kitu kinategemea kuwa na laini mkononi. Ujumbe wa ile hela itume kwenye namba hii nao bado unazunguka, na namba ya tapeli hutumwa 15040. Redio za jamii, kama ile ya FADECO ya Karagwe, zina nafasi ya pekee ya kuyasema haya kila wiki, kwa kuwa zinamfikia hata bibi wa Mabira au Kaisho mwenye kitochi, ambaye makala hii haitamfikia.

Bibi huyo ndiye anayekabili lililo gumu kuliko yote. Mtu akifariki, kampuni za simu hutaka cheti cha kifo na barua ya msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama kabla ya kuitoa hela iliyo kwenye laini yake. Familia nyingi zinapitia Mahakama ya Mwanzo na zinafanikiwa. Sasa laini ya bibi imesajiliwa kwa jina la mwanawe mkubwa, na akiba yake ya kahawa ya misimu miwili iko humo. Mwana akitangulia, hela hiyo kwa kumbukumbu za kampuni ni ya marehemu, na inaingia kwenye mirathi pamoja na shamba na ng'ombe. Wajukuu, mke, na wadai wa marehemu wana haki ya kuuliza habari zake. Bibi atatakiwa kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba hela iliyo kwenye simu aliyoishika mkononi miaka sita ilikuwa yake. Ushahidi alionao ni stakabadhi za kuuzia kahawa kwenye chama chake cha msingi, kama amezitunza, zenye tarehe na kiasi kinacholingana na miamala iliyoingia kwenye laini.